Arusha Ilifika, Kivaa Ikakawia

Kuna wanaume wa pombe na kuna wanaume wa wanawake. Hao nawaelewa, na wengine nimewasikia wakiombewa kanisani. Wangu alikuwa mwanaume wa pikipiki, tena pikipiki kuukuu, na sijawahi kusikia mtu akiombewa jambo hilo.

Tuliishi Machakos mjini, nyuma ya soko, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mimi nilishona sare za shule na majoho ya kwaya. Yeye alitengeneza redio na televisheni kwenye kibanda karibu na stendi. Tulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa ameanza shule. Harusi hatukuwa nayo. Tulianza tu kukaa pamoja, kama wenzetu wengi, tukasema mengine yatafuata.

Lililopaswa kufuata lilikuwa ntheo. Kwetu Wakamba, mwanaume hupeleka mbuzi kwa kina msichana. Wazee wake huwafikisha, baba ya msichana humwuliza bintiye mbele ya watu kama waliwe, binti akisema ndiyo mbuzi anachinjwa, watu wanakula, na hapo umeolewa. Asipopeleka, wewe si mke wa mtu, hata uzae kumi. Ukifa unarudishwa kwenu kuzikwa, na mtoto ni wa babako. Ni mbuzi watatu tu. Si ng'ombe, si gari, si shamba.

Baba yangu alikuwa Kivaa, huko upande wa Masinga, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumla. Kila nikienda kumwona aliniuliza, "Mwaitu, mbuzi zangu ziko wapi? Nataka kuzila nikiwa na meno." Mwaitu ni mama. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Nami nilimjibu kila mara kwamba ziko njiani. Wee, hizo mbuzi zilikaa njiani!

Pikipiki yenyewe aliinunua kwa mzungu mmoja wa Nairobi aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya Kijapani, ya miaka ya themanini mwanzoni, zile kubwa za kusafiria mbali kwa kasi. Ilikuwa na plastiki pana mbele ya kukata upepo, masanduku mawili ubavuni ya kubebea nguo, silinda nne, na badala ya cheni ilikuwa na shafti. Alipoileta mtaani watu walitoka majumbani kuitazama. Nakubali ilikuwa nzuri. Nilipanda nyuma tukaenda mpaka Mutituni na kurudi, nikajiona malkia.

Baadaye nikaanza kumsikia anavyoizungumzia. "Leo ameamka vizuri." "Amekohoa kidogo pale kwa mlima." Mimi nilipokohoa aliniambia nifunge dirisha.

Kila Jumapili, watu wakienda kanisani, yeye alikuwa amechuchumaa mlangoni amezungukwa na spana. Kabureta zilikuwa nne, na zote nne alizichemsha kwenye sufuria yangu ya ugali pamoja na ndimu, ati zitakate. Vitundu vyake vidogo alivisugua kwa mswaki, na hakuwa anatumia mswaki wake. Akazirudisha, akawasha, akainamisha kichwa kusikiliza, akanuna, akazitoa tena. Hazikuwa na shida! Ngoja nilirudie hilo, maana nilikaa na hiyo mashine miaka na ninaijua: kabureta zile hazikuwa na shida yoyote ila mtu asiyeweza kuziacha zilivyo. Mimi cherehani yangu naitia mafuta, nabadilisha sindano, nashona. Siifungui matumbo kila Jumapili nione imekula nini.

Akaniomba nimshonee pikipiki nguo ya kujifunika, nje turubai, ndani flaneli, "asichubuke." Nikashona. Flaneli ile nilikuwa nimeinunua nimshonee mtoto gauni la kulalia.

Alikuwa na marafiki wawili wa Nairobi wenye pikipiki kama hiyo, mabwana wa jaketi za ngozi nyeusi kwenye jua la Emali. Hao wakija, walikaa kwenye viti vyangu wakazungumza habari za oili na plagi mpaka chai ikapoa. Mmoja aliweza kusimulia safari nzima ya Kisumu bila kumtaja mtu hata mmoja aliyemwona, ni kona na mwendo tu, kona na mwendo. Walienda Naivasha. Walienda Kisumu, wakaenda Mombasa, wakavuka Namanga wakafika Arusha. Alirudi kutoka Arusha amechomeka na jua, akaniambia ile mashine haikukohoa hata mara moja.

"Basi twende Kivaa," nikamwambia.

"Kivaa ni vumbi," akanijibu. "Kutoka Ekalakala kwenda mbele hakuna lami. Vumbi itaingia kwa filta."

Arusha ilifika. Kivaa, filta. Nilicheka siku hiyo, kicheko kibaya, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba namdharau. Haikuwa hasira. Hasira nilikuwa nayo siku nyingi, na hasira huisha ukilala.

Kisha baba akakatwa kidole cha mguu. Nilienda kumwona, nikamkuta amekaa kwenye kiti nje ya wodi, mguu umefungwa, anatania manesi. Hakuniuliza habari za mbuzi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba safari hii hakuuliza. Niliporudi Machakos nilimwambia yule bwana wazi: mwezi huu mbuzi wafike Kivaa, la sivyo nachukua mtoto na cherehani yangu naondoka. Nikamwambia tena, kwa upole nilioupata sijui wapi, kwamba si lazima hata yeye aende. Wazee wake wakodishe pikap, wapakie mbuzi, wafike, waongee, basi. Watu wengi hufanya hivyo.

"Nipeleke mbuzi na mimi mwenyewe nisionekane?" akasema. "Ama nifike kwa wakwe nimeketi nyuma ya pikap na mbuzi? Hapana. Nitaongoza na pikipiki. Wakuone umeshuka kwa kitu."

Wakuone umeshuka kwa kitu! Nilitaka tu afike.

Wiki ile aliosha pikipiki kila siku. Ilikuwa mwaka wa ukame, mfereji wa mtaa ulitoa maji kwa kusitasita, na yeye alikinga ndoo akaimwagia mashine. Aliimwagia sana mpaka maji yakaingia kwenye tangi la petroli kupitia kitundu kidogo kilicho kwenye kifuniko, ikaanza kukatakata. Alimwaga petroli yote, akatia nyingine, na ili maji yasiingie tena akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakilainisha kwa vidole, akakiziba kile kitundu. Mnajua madereva wetu wanavyoziba tangi linalovuja kwa sabuni. Ni dawa ya barabarani, na kwa tangi linalovuja inafanya kazi.

"Hicho kitundu si kimewekwa kwa sababu?" nikamwuliza.

"Ni cha mvua kutoka," akasema. Eti cha mvua kutoka.

Siku ya safari tulimwacha mtoto kwa jirani tukaondoka asubuhi. Mbele tulikuwa sisi kwenye pikipiki, mimi nimevaa gauni nililojishonea mwenyewe la rangi ya samawati, na juu yake koti lake ili vumbi lisinishike. Nyuma yetu pikap, ndani yake baba yake mdogo na wazee wengine wawili, na nyuma kabisa mbuzi watatu wamefungwa. Kwenye sanduku la pikipiki la upande wangu nilikuwa nimeweka leso mpya ya mama yangu na blanketi la baba, zawadi zinazoandamana na mbuzi. Baba yake mdogo alikuwa mtu mpole, anayeongea baada ya kufikiri. Alimwambia tu kijana wake, "Usikimbie sana, tuko na mbuzi."

Akakimbia. Tulikuwa tunawapoteza, tunasimama kuwangoja, anatoa helmeti, anajitazama kwenye kioo. Tulipopita Katangi pikipiki ikaanza kupungukiwa, ikavuta, ikavuta, ikazima. Wazee wakatufikia wakasimama. Yule bwana akafungua kifuniko cha tangi aone kama mafuta yapo, na nikasikia sauti, fyuuu, hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia. Mafuta yalikuwepo. Akafunga, akapiga stata, ikawaka mara moja.

"Ni joto," akawaambia wazee. "Amechemka kidogo."

Ikaenda vizuri kitambo, ikazima kabla hatujafika barabara ya Garissa. Akafungua kifuniko, fyuuu, akafunga, ikawaka. Safari hii alisema ni petroli chafu. Mimi nilishajua. Mtu yeyote aliyewahi kupika anajua. Ukitoboa mkebe wa mafuta ya kupikia tundu moja tu, hayamwagiki vizuri, yanatoka matone kisha yanakwama. Lazima utoboe la pili, hewa iingie. Tangi lilikuwa linanyonya hewa kupitia penye sabuni na halipati. Kila akifungua kutazama linapumua, na kila akifunga linaanza kukosa pumzi tena.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazee, nikitaja sabuni na kitundu.

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! "Mama, hii ni mashine ya Kijapani. Si mkebe."

Tulivuka barabara hiyo, tukapita Ekalakala ambako watu wa soko walisimama kutuangalia, na hapo akaongeza mwendo ili waone vizuri. Lami iliisha. Tukaenda kidogo kwenye vumbi, ikazima. Jua lilikuwa juu kabisa na hakukuwa na mti karibu. Na hapo, badala ya kufungua kile kifuniko chake, bwana akaamua sasa ni kabureta.

Akafungua sanduku lake akatoa spana. Kisha akatafuta mahali pa kuweka vipande visiingie mchanga, akafungua sanduku la upande wangu, akatoa leso ya mama yangu, mpya, haijafuliwa hata mara moja, akaitandaza chini barabarani. Akaanza kupanga juu yake vipande vyenye petroli na oili, kimoja kimoja, kwa utaratibu ambao sijawahi kumwona akipanga hata sahani.

"Hiyo ni ya mama," nikamwambia.

"Itafuliwa," akasema. Hakuinua kichwa.

Nilisimama pale na gauni langu nikamtazama kisogo. Nakumbuka shingo yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi na alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa na raha! Mkwe anamngoja, wazee wake wanaungua jua, mbuzi wamefungua midomo wanahema, na yeye ana raha kwa sababu amepata kufungua kabureta. Nikatema mate chini, kando, si karibu naye. Sijui kama aliona.

Baba yake mdogo alishuka akawapapasa mbuzi shingo. "Hizi hazijakunywa tangu Machakos," akasema. "Tukikaa hapa tutapeleka mizoga. Kijana, wewe tengeneza, sisi twende." Kisha akaniambia mimi, "Panda hapa mbele, mama, utuonyeshe njia." Nikalichukua blanketi la baba nikapanda.

Kwetu walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mguu kwenye kigoda, amevaa koti lake la kanisani. Wanawake walikuwa jikoni na mama. Mama alikuwa ameamka na giza akafuata maji mtoni na punda, akarudi, akaenda tena, maana mwaka ule kisima cha jirani kilikauka. Mitungi ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa jikoni, ya kupikia, ya wageni kunawa, ya mbuzi. Wazee wakapokelewa wakaketi. Mbuzi wakafungwa kwenye kigingi mwisho wa ua. Wakapewa chai, na baba yake mdogo akaomba radhi kwamba kijana anakuja, ana shida kidogo ya barabarani. Baba akasema hakuna neno, sote tumewahi kukwama. Nikaenda jikoni nikamsalimia mama nikalia kidogo begani kwake, basi nikanawa uso.

Mazungumzo yalikuwa yameanza tuliposikia mngurumo. Bila shaka alikuwa amezirudisha kabureta zake, akafungua tangi kutazama, likapumua, ikawaka, na yeye akaamini ameitibu. Aliingia uani kwa kishindo, kuku wakatawanyika, watoto wa jirani wakapiga kelele. Wanawake wawili walianza kupiga vigelegele. Akazima, akatoa helmeti, akasimama. Nikasema moyoni, sasa atasalimia.

Alitazama pikipiki. Ilikuwa na vumbi jekundu kutoka tairi hadi kioo. Akaipitishia kidole, akatikisa kichwa, na badala ya kwenda walikoketi wazee akaelekea jikoni.

Lazima nieleze hapa. Sisi tuna nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe. Mwanaume hamkazii macho mama ya mkewe, hali naye, na jikoni kwake hakanyagi kabisa. Akikutana naye njiani hupisha. Hata wahuni wanalijua hilo, hata walevi. Huyu aliingia mpaka mlangoni, mama yangu akiwa ameinama mekoni, wala hakusema hodi. "Mama, niko na shida ya maji," akasema, na kabla mama hajajua ajifiche wapi, alikuwa ameinua mitungi miwili, mmoja kila mkono. Mama alivuta kitambaa cha kichwa kikamfunika uso, akageukia ukuta.

Akaiosha. Uani kwetu, mbele ya wazee wake na wangu, katika mwaka ule, aliosha pikipiki. Alianza na kioo, akaja kwenye tangi, akamwaga mtungi wa kwanza wote, akafungua wa pili. Baba yake mdogo aliita jina lake mara moja, kwa sauti ya chini. "Nakuja, baba, nakuja," akajibu. Alirudi mara nyingine kwenye ile mitungi ya ukutani, na mara nyingine tena. Alikausha masanduku kwa leso ya mama yangu.

Baba alimtazama mwanzo hadi mwisho. Kisha akanigeukia.

"Mwaitu," akasema, na watu wote wakatulia, kwa sababu walijua ni lile swali. "Hizi mbuzi, tule ama tusile?"

Nilikuwa nimejizoeza jibu. Nililijua tangu nikiwa msichana, kila msichana analijua, unainamisha kichwa unasema kwa sauti ndogo, kuleni, na vigelegele vinapanda. Nilimwangalia baba, koti la kanisani, mguu kwenye kigoda. Alitaka kula nyama hiyo kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na ni mimi tu niliyeweza kumpa. Nikafungua mdomo.

Maji ya pikipiki yalikuwa yameteremka uani yamebeba povu na oili. Yalifika karibu na kigingi. Mbuzi walikuwa wamevuta kamba mpaka shingo zimepinda, wananyoosha ndimi warambe lile tope, na hawakulifikia.

"Msile, baba," nikasema.

Sikusema kwa sauti ndogo. Mwanamke mmoja jikoni alisema, "Woi!" Wazee wakatazama chini. Baba akanitazama muda, nikaogopa nimemvunja. Lakini hakuniuliza mara ya pili, wala hakuniuliza kwa nini.

"Mmesikia," akamwambia baba mdogo wa yule bwana.

"Tumesikia," mzee yule akajibu. "Na tumeona."

"Mama, maji kidogo tu!" yule bwana akaita kuelekea jikoni, kitambaa mkononi. "Upande mmoja umebaki!"

Baba aliegemea fimbo yake. "Hizi mbuzi ni za wenyewe," akasema, "na njia ni ndefu. Zinyweshwe kwanza, ndio zirudi."

Mama akatoka jikoni, uso bado umefunikwa, akaenda ukutani. Akainua mtungi wa kwanza, akauweka. Akainua wa pili. Aliinua yote mpaka wa mwisho, na huo akaugeuza juu chini ili sote tuone.

Nikavua viatu, nikamfungua punda.